Nusu Kidole

Inspekta aliamshwa na mtu anayehesabu.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Sauti ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, na ilitoka mahali ambapo sauti haina kawaida ya kutoka, yaani sakafuni. "Mia nne na kumi. Mia nne na kumi na moja." Halafu ikaacha. Inspekta akakaa kitandani miguu juu, akasikiliza kwa dakika nzima. Akasikia bahari tu, ambayo kisiwani humo haikunyamaza hata mara moja, na pazia likisugua ukuta. Akajiambia ni ndoto. Akavaa viatu, lakini hata baada ya kuvaa viatu hakupenda kuikanyaga ile sakafu.

Kazini walimpa jina la Mama Kwa Nini, kwa sababu alikuwa anauliza mpaka mtu anatamani kukiri hata asilolifanya. Jana, Jumapili, alitua kisiwani saa tatu asubuhi, akauliza weee mpaka jioni, na alichoambulia ni kichwa kuuma na mchanga ndani ya viatu. Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa dakika arobaini. Nyumba ya wageni ni moja, vyumba vitano vimepangwa mstari mmoja, na msimu huu havina mtu. Wanaoishi pale sasa ni watatu: Bibi mwenye nyumba, Fundi, na Mpishi. Wa nne ni Nahodha wa boti, mume wa Mpishi, na huyo yuko mahabusu.

Mambo yalikuwa hivi. Mpimaji wa ardhi alifika kisiwani, akajiandikisha kuwa ni mgeni wa kupumzika tu. Jumanne asubuhi, kwa maelezo ya Bibi, aliaga vizuri akapanda boti. Nahodha akafika bara peke yake. Chini ya magunia ya shuka chafu, askari wa gatini walikuta mkoba wa Mpimaji, na ndani ya mkoba simu yake, miwani yake, na barua ya mahakama inayomwagiza akipime kisiwa na kuwasilisha ramani Jumanne inayofuata. Nahodha aliapa kwa mbingu na ardhi kwamba hakubeba mtu, alibeba shuka tu. Nani amwamini? Wakamweka ndani.

Na leo saa nane mchana angesomewa shtaka la mauaji, ambalo halina dhamana. Boti ya polisi ilikuwa inakuja kumchukua Inspekta saa sita. Kama asingekuwa na kitu mkononi kufikia saa hiyo, basi ndiyo imetoka.

Jikoni Mpishi alikuwa ameshawasha jiko. Mwanamke mwembamba, mikono kama kamba, macho mekundu kwa siku sita za kulia kwa siri.

"Umeamkaje, dada?" Inspekta akamuuliza.

"Nimeamka. Yeye sijui kaamkaje." Akamwekea chai mbele yake, akabaki amesimama. "Afande, niambie ukweli. Kuna kitu umekipata?"

"Bado."

"Bado," Mpishi akarudia. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mimi sina la kukusaidia. Jumanne nilikuwa humu ndani, sikuona nani kapanda boti na nani hakupanda. Ningesema uongo, ningesema nimemwona mume wangu anaondoka peke yake. Nimejilaumu mpaka nimechoka. Kwa nini sikudanganya?"

Inspekta akamsogezea kigoda.

"Halafu usishtuke ukimkuta Fundi anaongea na tangi la maji," Mpishi akaendelea. "Ana wazimu wake wa wiki hii. Anasema Marehemu, mume wa Bibi, amerudi. Anakunywa maji yetu."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nina mume wa kulia, sina nafasi ya kulia na mizimu."

Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba, la saruji, pana kama chumba kidogo. Kisiwa hakina kisima wala chemchemi. Mvua ikinyesha maji yanatoka paani yanaingia humo, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki saba. Fundi alikuwa juu ya ngazi, ameshika ufito mrefu uliolowa nusu. Mtu mzima wa makamo, kofia ya sufu kichwani hata joto likiwa vipi.

Alishuka, akasalimia, kisha akachukua kipande cha mkaa na kuchora mistari ukutani. Minne mirefu. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mistari, safu kwa safu, kazi ya miaka.

"Nieleze," Inspekta akasema.

"Ni hesabu ndogo, Afande. Alfajiri natumbukiza ufito, naangalia maji yameshuka vidole vingapi tangu alfajiri ya jana. Mtu mmoja kwa siku, kidole kimoja. Kidole ni ndoo mbili: kunywa, kupika, kuoga, na choo. Ndivyo ninavyogawa, mgeni awe tajiri, awe nani. Mstari mrefu kidole kizima, mfupi nusu."

"Na hukosei?"

"Nikikosea tunakufa kiu." Hakusema kwa majivuno.

Inspekta akasogelea ukuta. Siku za mwisho kabla ya Jumanne: mistari mitano kila siku. Bibi, Fundi, Mpishi, Nahodha, Mpimaji. Sawa. Jumanne wawili wakaondoka. Kuanzia Jumatano wamebaki watatu. Akahesabu safu ya Jumatano. Mistari mitatu mirefu, na mmoja mfupi. Alhamisi, mitatu na mfupi. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi hivyo hivyo.

"Hii nusu ni ya nani?"

Fundi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ndiyo hiyo. Nusu kidole kila siku, na haina mwenyewe. Mimi nadhani ni Marehemu. Alifia kwenye chumba chake humu ndani, kwa homa, akiomba maji mpaka dakika ya mwisho. Anayekunywa ni yeye. Ona, ni nusu tu. Anakunywa, haogi. Mzimu aoge wa nini?"

"Tangi linavuja."

"Nilifikiri hivyo. Nikaanza kupima na jioni pia. Usiku halishuki hata unywele. Linashuka mchana, na tundu halichagui saa."

Inspekta akamtazama upya. Huyu angefaa kazi ya polisi, na kofia yake ya sufu juu. "Bustani je?"

"Bustani inakunywa maji ya kuoshea vyombo."

"Umemwambia Bibi?"

"Nilimwambia Ijumaa. Akaniambia nimezeeka, macho yangu mabovu. Miaka thelathini na moja sijawahi kuambiwa macho yangu mabovu." Akachomeka mkaa nyuma ya sikio. Halafu akatabasamu kidogo, kama mtu aliyepona homa. "Lakini jana hakunywa, Afande. Ona mwenyewe. Nadhani anakuogopa wewe."

Inspekta akacheka. Akacheka kweli, kwa sekunde mbili hivi, kisha akaacha. Akarudi kwenye ile safu mpya ambayo mkaa wake ulikuwa bado unang'aa.

"Jana mimi nilikuwepo," akasema polepole. "Kutwa nzima. Nilipewa ndoo mbili, nikazimaliza zote. Kwa hiyo watu watatu na mimi, vidole vinne."

"Ndiyo, vinne. Vimetimia."

"Havikutakiwa kutimia, Fundi. Na ile nusu, ilitakiwa iwe vinne na nusu."

"Ndiyo nakwambia, amekuogopa."

"Wewe huwa unahesabu kwa sauti? Alfajiri?"

"Mimi?" Fundi akashangaa. "Nahesabu mpaka vinne, Afande. Nipige kelele za nini?"

Inspekta akaikumbuka ile sauti ya sakafuni. Sasa alijua mambo mawili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. La kwanza, kulikuwa na mtu hai kisiwani humu tangu Jumatano, anayekunywa bila kuoga, kama mtu aliyefungiwa. La pili, mtu huyo hajanywa tone tangu polisi walipokuja kumtafuta.

"Mabomba ya hili tangi ni mangapi?"

"Mawili. La jikoni, na la bafuni kwa Bibi, kwa sababu ya magoti yake. Wengine wote ndoo nagawa mimi kwa mkono wangu."

Inspekta alishaanza kutembea.

Jikoni alikwenda moja kwa moja kwenye bomba. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa Mpishi.

"Wewe ndiye unayefungua hili?"

"Mimi."

"Na nusu kidole ya kila siku inakwenda wapi?"

Mpishi akaweka sufuria chini kwa kishindo. "Unaniuliza mimi? Mimi niibe maji niyapeleke wapi, baharini? Nafungua mara moja kwa siku, najaza pipa hili moja, na Fundi akiwa amesimama pale mlangoni kama mkaguzi wa mitihani! Muulize!"

"Ni kweli," Fundi akasema kwa nyuma. "Pipa moja. Vidole viwili na robo, na hiyo imo kwenye hesabu."

"Mume wangu yuko ndani, nyinyi mnanihesabia maji!"

"Dada," Inspekta akasema, "nikiyahesabu vizuri haya maji, mumeo anatoka. Nisaidie." Akamgeukia Fundi. "Jana nilipekua vyumba vyote, ghala, chumba cha jenereta, hata dari. Nimebakiza wapi?"

"Hujabakiza."

"Mahali pa kumweka mtu. Fikiri. Mahali asiposikika."

Fundi akavua kofia, akaishika. "Hakuna, Afande. Labda lile tangi la zamani, lakini lile lilikufa kabla mimi sijaoa. Lilipasuka. Marehemu akalikausha, akaliziba, akaongeza nyumba juu yake."

"Juu yake kuna nini sasa?"

Fundi akanyoosha kidole, akahesabu vyumba kimoja kimoja kutoka mwisho wa baraza, midomo ikicheza. "Kipande kidogo ni chumba ulicholala wewe," akasema. "Na kingine..." Hakumaliza. Akakaa kwenye kigoda, uso umempauka.

Bibi alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, amekaa kwenye kiti cha mkono akishona tundu la chandarua. Mzee wa miaka sabini na ushee, nadhifu, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Mezani palikuwa na chai ambayo haijaguswa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka? Boti yako si saa sita?"

"Saa sita. Naomba nione bafu lako kabla sijaondoka."

"Jana uliliona."

"Jana nilikuwa natafuta maiti."

Sindano ikasimama hewani. "Na leo unatafuta nini?"

"Mtu mwenye kiu."

Bibi akaweka sindano mezani. Inspekta akaingia bafuni. Nyumba nzima ilikuwa sakafu ya saruji, ila hapa palikuwa na mbao. Jana alizikanyaga mbao hizo, akafikiri ni za kumkinga mzee asiteleze. Leo akapiga magoti, akainua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini yake kulikuwa na godoro jembamba la mgeni, limekunjwa mara mbili na kusokomezwa. Chini ya godoro, mfuniko wa chuma.

Nyuma yake alisikia Bibi akisema, kwa sauti ile ile ya kukaribisha wageni, "Mimi sikumsukuma. Alishuka mwenyewe."

"Fundi! Njoo uvute hapa!"

"Alikula chakula changu kwa siku nne," Bibi akaendelea, "huku ananipimia nyumba ili wapwa wa marehemu mume wangu waje waikate vipande. Ananiita mama. Jumanne, baada ya boti kuondoka, akaniuliza kama kuna tangi la zamani, maana kwenye ramani lipo. Nikamfungulia. Akashuka na futi yake kiunoni, akanishukuru. Nikaivuta ngazi. Ni ya aluminiamu, hata mimi naiweza."

"Na mkoba ukawa umeshauficha kwenye shuka?"

"Magunia nafunga mimi siku zote, na yeye alikuwa bado amelala. Nilitaka uonekane umefika bara, wamtafute huko huko." Akakunja chandarua magotini. "Nilitaka kesho ipite, mwanangu. Kesho tu. Ramani isifike, kesi iahirishwe, nipate kufa nyumbani kwangu. Nilikuwa namteremshia chakula na ndoo ya maji kila siku. Muulize."

"Na Nahodha?"

"Nilijua watamtoa. Maiti haipo, watamshitaki kwa nini?"

"Leo saa nane anasomewa mauaji!"

Bibi akainamisha kichwa. Ilionekana hilo hakulijua.

"Na jana, Bibi? Jana ulimpa maji?"

Bibi akaitazama ile chai ambayo hakuigusa.

"Bibi. Ulimpa?"

"Mfuniko unakwaruza. Wewe ulikuwa hapo ukutani, kikohozi chako nakisikia. Mchana hukutoka barazani." Akakunjua chandarua, akakikunja tena. "Nikasema siku moja mtu hafi."

Fundi alivuta mfuniko kwa mikono miwili, na ulikwaruza kweli, mlio wa kutia ganzi meno. Joto likapanda kutoka shimoni na kuwapiga usoni, na harufu pamoja nalo. Giza tupu. Inspekta akaita. Akaita tena kwa jina la kazi yake, "Mpimaji! Polisi! Umenisikia?" Hakuna kilichojibu. Alfajiri alikuwa amefika mia nne na kumi na moja, Inspekta akawaza, na mimi nikavaa viatu.

Mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba. Fundi akajaribu kuingia, mabega yakagoma. Inspekta akateremsha miguu, akafika kiunoni akakwama. Miaka ya kukaa ofisini hiyo. Ngazi waliikuta nyuma ya kabati la Bibi, wakaiteremsha, na hapo ndipo walipomwona Mpishi amesimama mlangoni. Hakuna ajuaye alikuwa amesikia kiasi gani. Alikuwa ameshika chupa ya maji na kitambaa cha jikoni.

Alimtazama Bibi. Walifanya kazi pamoja miaka tisa, na Bibi ndiye aliyemwozesha. Wote walidhani atamrukia. Inspekta hata alisogea kuwazuia.

"Nipishe," Mpishi akamwambia Inspekta.

Akafunga sketi yake fundo, akaweka chupa kifuani, akashuka. Walimwona mpaka utosi, halafu hawakumwona.

"Kuna joto kama tanuri," sauti yake ikaja juu, nzito, imejaa mwangwi. "Sioni. Ngoja... Yupo. Yupo hapa, amelala kwa ubavu."

"Anapumua?"

"Sijui."

"Weka mkono puani!"

"Nimeweka! Sijui, mkono wangu wenyewe unatetemeka!"

Fundi alikuwa anasema kitu chini chini, huenda ni sala. Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba, chandarua kimemwangukia miguuni.

"Lowesha kitambaa," Inspekta akasema, akijilazimisha kuongea taratibu. "Usimmiminie. Mkamulie kidogo mdomoni. Tone tone."

Maji yakasikika yakidondoka. Kisha yakaacha kudondoka. Halafu kikohozi kikavu, cha mwanaume.

"Amemeza!" Mpishi akapiga ukelele. "Afande, amemeza! Anataka tena!"

Fundi akakaa chini palepale bafuni, akalia kama mtoto. Inspekta hakuwa na muda wa kulia. Alichomoa simu, akaenda dirishani kwa Bibi ambako mtandao hushika vizuri zaidi, akaita boti ya polisi ije sasa hivi na daktari, siyo saa sita. Kisha akapiga kituoni.

"Mtoe Nahodha," akamwambia askari wa zamu.

"Afande, huyo leo saa nane..."

"Saa nane ya nini? Marehemu wenu anakunywa maji. Mtoe, mpe simu hiyo mkononi, nitakuwa hapa nasubiri."

Alisikia funguo, malango, mtu akiitwa mara mbili. Bibi alimsogelea akanyoosha mikono yake miwili mbele, pamoja, kama alivyoona watu wakifanya. Inspekta akamwonyesha kiti. Bibi akakaa.

"Halo?" Sauti ya mwanaume, ya woga. "Halo, nani?"

Inspekta akaiweka simu kwenye sauti ya juu, akarudi mbio bafuni, akapiga magoti na kuinyoosha juu ya shimo. "Dada! Mumeo yuko hewani! Ametoka! Panda uongee naye!"

Kutoka chini maji yalidondoka. Kisha ikaja sauti ya Mpishi, ya mtu mwenye kazi mikononi.

"Mwambie asubiri kidogo. Nimemshika mtu kichwa."

Kwenye simu Nahodha alikuwa ameshamsikia.

"Mwambie asimwache," akasema. "Nasubiri."